Weka Springi Kabla ya Jiwe

Wasee, leo tunaongea kuhusu theluji. Ndiyo, theluji. Najua uko Nairobi, pengine unasoma hii ndani ya matatu iliyokwama Mombasa Road na jasho linakutoka. Nipe tu dakika kumi.

Maoni yangu ni haya: nchi hii inapanga maisha ya vijana kana kwamba njiani hakuna hata jiwe moja. Wakili wangu leo ni trekta ya mwaka 1949 iliyofungwa plau ya kusukuma theluji.

Kama ni mara yako ya kwanza hapa, mimi ni msichana wa miaka 22, nimezaliwa Moi's Bridge, naishi Umoja. Nilitoka chuo kikuu nikiwa mwaka wa tatu, kozi ya uhandisi wa mitambo, na siku hizi nakula kwa kuhariri vidio za watu. Na kabla hujanitumia ile stori, hapana, hii si "Bill Gates pia aliacha chuo." Bill Gates alitoka chuo akiwa na baba wakili. Mimi nilitoka na begi moja na balansi ya karo.

Sasa, mmoja wa wateja wangu ni mzee wa miaka sabini na kitu anayeishi Vermont, Marekani. Jina simtaji. Hataki umaarufu, anataka tu wajukuu wake waone kazi aliyofanya na mikono yake. Yeye hurekodi kwa simu aliyoiegemeza kwenye sanduku la spana, anakohoa katikati ya sentensi ya maana, halafu ananitumia kila kitu bila kupunguza. Oktoba iliyopita alinitumia saa kumi na nne za vidio. Kichwa kilikuwa kimoja: kufunga plau ya theluji mbele ya trekta yake ndogo ya zamani.

Nilidhani nitalala. Badala yake nilirudia vipande vingine mara tatu.

Kwanza uielewe shida yake. Vermont iko kaskazini-mashariki mwa Marekani, inapakana na Kanada, na usishangae, zaidi ya nusu ya barabara za jimbo hilo hazina lami. Ni murram kama ya kwetu. Nyumba ya mzee iko mita mia moja kutoka barabara kuu. Theluji ikianguka usiku, asubuhi hatoki, na gari la wagonjwa haliingii.

Nilipiga hesabu, kwa sababu siwezi kujizuia. Njia ya mita 100, upana mita 2.5, theluji ya kina cha sentimita 30. Hizo ni mita za ujazo 75. Theluji kavu ukiihesabu kilo 100 kwa kila mita ya ujazo, unapata tani saba na nusu. Hiyo ni Canter mbili zimejaa pomoni. Na ikiloa maji, uzito unaweza kuzidi mara mbili. Mtu wa umri wake hawezi kuisogeza na beleshi. Kule madaktari huwaonya wazee kila mwaka, kwa sababu kazi nzito ya ghafla kwenye baridi imewaangusha wengi kwa moyo. Kwa hivyo usione hii kama mchezo wa mzee aliyestaafu. Anahitaji kubaki hai mpaka Aprili.

Trekta yenyewe ni Ford 8N. Ukiiona utacheka: ndogo, ya kijivu na tumbo jekundu, haina kibanda, na kiti chake ni sahani ya chuma tu. Uzito wake ni kama kilo 1,100, na nguvu zake hazifiki farasi thelathini. Lakini kati ya 1947 na 1952 Ford walitengeneza zaidi ya nusu milioni ya hizi, na nyingi bado zinanguruma.

Hapa ndipo nilikutana na Harry Ferguson, na huyu lazima nikuambie, kwa sababu hata wewe unamjua bila kumjua. Ukipita Uasin Gishu au Trans Nzoia msimu wa kulima, ile tinga nyekundu ya zamani unayoiona shambani mara nyingi ni Massey Ferguson. (Tinga, ndiyo, lile jina alilopewa Raila, kwa sababu chama chake cha NDP kilitumia trekta kama alama.) Ferguson wa hilo jina ndiye huyu. Alizaliwa 1884 kaskazini mwa Ireland, mtoto wa mkulima, akaacha shule akiwa na miaka 14. Mwisho wa 1909 akarusha ndege aliyoijenga mwenyewe. Halafu akageukia plau.

Shida aliyoiona ilikuwa inaua watu. Zamani plau ilikuwa inaburutwa nyuma ya trekta kwa cheni au chuma, kama mkokoteni. Plau ikinasa kwenye jiwe au kisiki kilichojificha chini ya udongo, magurudumu ya nyuma yanaendelea kuzunguka, pua ya trekta inainuka, na trekta nzima inampindukia dereva. Umelima vizuri, umelala vizuri, hujakosea popote, na jiwe ambalo hukuliona linakuua.

Ferguson akafunga plau kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, na ndani akaweka haidroliki. Plau ikigonga kitu kigumu, ule mkono wa juu unasukuma mbele na kuizuia pua isiinuke, na haidroliki inapunguza uzito kwenye magurudumu ya nyuma. Yanateleza tu hapo hapo. Trekta inasimama na dereva anashuka akiwa mzima, pengine akitukana.

Mwaka 1938 Ferguson na Henry Ford walikubaliana kwa kushikana mikono tu, bila karatasi, na trekta za Ford zikaanza kutoka na mfumo huo mwaka uliofuata. Baada ya vita, mjukuu wa Ford akavunja yale makubaliano lakini 8N ikatoka na ile mikono mitatu bado. Ferguson akaenda kortini, na mwaka 1952 akalipwa dola milioni 9.25. Wakati huo alikuwa tayari anatengeneza trekta yake mwenyewe Uingereza, TE20. Hiyo TE20, wakati Edmund Hillary alipotaka kufika Ncha ya Kusini, ndiyo aliyoifunga minyororo ya kutembelea thelujini, na tarehe 4 Januari 1958 akafika. Trekta za shamba zikawa magari ya kwanza kufika huko kwa njia ya ardhi. Kwa hivyo trekta ndogo na theluji wanajuana kitambo.

Turudi kwa mzee. Plau ya theluji aliipata kwenye mnada wa shamba la jirani: bamba la chuma la upana wa futi sita, limepinda kama bomba lililopasuliwa katikati. Wewe na mimi tungefanya nini? Tungeita welda, tulichomelee pale mbele, tumalize saa nne tukanywe chai.

Mzee alikaa wiki tatu. Mwanzoni nilimwona mtu wa kuchelewesha mambo, mpaka akaeleza. Ford 8N haina chesisi. Injini, gia na ekseli ya nyuma ni vipande vya chuma cha kumimina vilivyofungwa pamoja kwa bolti, na hivyo vyenyewe ndivyo uti wa mgongo wa trekta. Ekseli ya mbele imening'inia kwenye pini moja katikati, ili magurudumu yapande na kushuka kwenye matuta ya shamba. Sasa ukifunga bamba kwenye pua, kila kishindo cha theluji kinapita kwenye injini. Na chuma cha kumimina hakina tabia ya kupinda kwanza ndipo kikuonye. Kinapasuka tu.

Kwa hivyo alitengeneza mihimili miwili mirefu inayopita chini ya tumbo la trekta, kutoka kwenye bamba mpaka ekseli ya nyuma. Nguvu inatoka kwenye magurudumu ya nyuma, basi iende kwenye bamba moja kwa moja, isimsumbue mtu mwingine njiani. Kule mbele kuna kishikio tu cha kuizuia mihimili isichezecheze.

Kuinua bamba je? Mbele hakuna haidroliki. Iko nyuma, kwenye ile mikono ya Ferguson. Akavuta kebo chini ya tumbo: mikono ya nyuma ikipanda, kebo inavutika, bamba linapanda. Ila kwenye 8N ukikanyaga klachi, pampu ya haidroliki nayo inasimama. Kwa hivyo lazima uinue bamba kabla ya kukanyaga klachi kubadilisha gia, la sivyo utarudi nyuma ukiliburuta. Alifanya mazoezi ya hiyo kitu uani, bila theluji, siku mbili nzima: inua, klachi, gia, rudi. Inua, klachi, gia, rudi. Nilikata dakika hamsini za hayo mazoezi zikabaki sekunde arobaini, na roho iliniuma.

Halafu uzito. Trekta nyepesi kwenye theluji inazungusha magurudumu tu kama matatu kwenye matope ya Mihang'o. Alivisha magurudumu ya nyuma cheni, na ndani ya matairi akajaza maji mazito. Wengi hutumia maji ya kalsiamu kloraidi kwa sababu hayagandi haraka, lakini yanakula rimu kwa kutu. Yeye alijaza sharubati inayotokana na kiazisukari. Nakuapia. Tairi imejaa sharubati.

Sasa tufike kwenye springi, maana ndizo zilizonifanya niandike.

Nyuma ya bamba kuna springi mbili nene kama mkono wa mtoto. Bamba lenyewe halijakazwa. Liko kwenye bawaba chini, na springi ndizo zinazolishikilia wima. Ukisukuma theluji linasimama imara. Likigonga kitu kisichosogea, makali ya chini yanabaki nyuma, bamba zima linainamia mbele, springi zinavutika, linapita juu ya kile kitu, na springi zinalirudisha mahali pake. Kazi inaendelea.

Theluji ya kwanza ilianguka mwisho wa Novemba. Mzee aliiweka simu dirishani akatoka. Gia ya pili, polepole. Mita arobaini hivi, kishindo: kang! Bamba likalala mbele, likainuka, trekta ikatikisika kidogo, mzee hata hakugeuka. Aliporudi ndani alieleza. Kule ardhi ikiganda inayasukuma mawe kuja juu. Unaweza kuyaokota yote mwaka huu, mwakani yatokee mengine mahali pale pale ulipookota. Hakuna mtu aliyeyaweka. Ndiyo ardhi ilivyo.

Halafu akasema kitu ambacho nilikiacha kwenye vidio bila muziki. Kwa Kiswahili ni kama hivi: springi huwekwi kwa sababu unatarajia kugonga jiwe leo, unaiweka kwa sababu unaijua njia.

Nilisimamisha vidio hapo. Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Wacha sasa niwaambie kilichotokea kwangu, bila kilio. Nikiwa mwaka wa pili, kiwanda alichofanya kazi baba kilifungwa. Mkopo wangu ulikuwa unagharimia sehemu tu ya karo, hiyo sehemu nyingine ilikuwa mshahara wa baba. Mwaka wa tatu sikumaliza kulipa. Chuoni kwetu ukiwa na balansi hufanyi mtihani, na usipofanya mtihani hujulikani kama ulikuwepo. Nilitoka nikiwa nimefaulu masomo 32. Sio kubahatisha, kufaulu: hesabu, mekanika, nguvu za vyuma, michoro. Baadaye nilipouliza kama naweza kurudi, jibu lilikuwa niombe upya, nianze mwaka wa kwanza. Nikauliza kama yale masomo 32 yanaweza kunipa hata stashahada. Hapana. Karatasi ya kitu kama hicho haipo.

Naomba muelewe malalamiko yangu ni yapi. Silalamiki kwamba kulikuwa na jiwe. Mawe yapo: kiwanda kinafungwa, mzazi anaugua, msichana anapata mimba, mahindi yanakosa bei. Nalalamika kwamba bamba lilichomelewa moja kwa moja kwenye injini. Jiwe moja la muhula mmoja likapasua miaka mitatu yote.

Na usiniambie haiwezekani kufanywa tofauti. Kuna sheria ya mwaka 2014 kuhusu mfumo wa kitaifa wa vyeti vya elimu, na ndani yake lile wazo la kukusanya na kuhamisha masomo uliyoyafaulu lipo. Limeandikwa. Kinachotakiwa ni bolti zikazwe chini kule vyuoni. Ukimaliza miaka miwili, upate cheti cha miaka miwili. Ukisimama mwaka mmoja kutafuta karo, urudi ulipoachia. Nani anaumia? Hata yule anayehesabu pesa za serikali anapaswa kunishangilia, kwa sababu mimi ni hasara yake. Nilisomeshwa miaka karibu mitatu kwa mkopo wa umma, na kwenye makaratasi mimi ni mtu wa Form Four.

Nani anasema kwamba hayo masomo 32 hayako? Nikiwa nahariri ile vidio ya kishindo, niliipunguza kasi ili watazamaji waone springi zikifanya kazi. Nikaona springi ya kushoto inavutika na ya kulia haivutiki. Nikarudia. Kweli, imelala tu. Nikamwandikia mzee: mzigo wote unabebwa na upande mmoja, hilo bamba litajipinda, angalia nati ya kulia. Akaenda na tochi usiku, baridi ya kuua, akaikuta imelegea kwa mtikisiko. Akaikaza, akaongeza nati ya pili ya kuifungia. Kesho yake akaniuliza nilisomea nini. Nikamwambia. Akauliza digrii nilipata mwaka gani. Nikamwambia sikupata. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi umejuaje?" Swali la kweli kabisa, na mimi ningependa kulipeleka kwa watu fulani wenye mihuri.

Ila nisiwe mtu wa upande mmoja. Kuna wale wataisoma hii na kusema: sawa, basi tusijikaze, kila kitu kikiwa kigumu tuiname. La. Mzee alionyesha hiyo pia. Springi ukiilegeza sana, bamba linaanguka mbele likikutana na theluji yenyewe. Unazunguka asubuhi nzima na njia haijafunguka. Kwa hivyo aliikaza robo mzunguko, akajaribu, akaongeza robo nyingine, mpaka bamba likawa linasimama mbele ya theluji na linainama mbele ya jiwe. Kujua tofauti ya hizo mbili ni kazi. Mtihani mgumu ni theluji. Mhadhiri mwenye kisirani ni theluji. Kukosa kuingia kwenye chumba cha mtihani kwa sababu mshahara wa baba umekatika, hilo ni jiwe.

Kuna sababu naandika hii sasa na si mwakani. Mdogo wangu amefanya KCSE, amepata nafasi ya kusomea ualimu, anaingia Septemba. Nyumbani Moi's Bridge kuna furaha mpaka kuku wanaogopa. Wajomba wameitwa, mchango umepangwa. Na hesabu yao ni ile ile ya wakati wangu: kila shilingi inaenda kwenye muhula wa kwanza, godoro, sanduku, picha ya familia langoni. Baada ya hapo, Mungu atasaidia.

Krismasi nilienda ushago nikaleta wazo langu. Nilisema theluthi moja ya mchango isiguswe. Iwekwe kando, itoshe muhula mmoja, na isiwe ya viatu wala ya sherehe ya mtu. Nikasema miezi hii ya kungoja, mdogo wangu akae na fundi wa cherehani pale sokoni, kwa sababu anashona vizuri tayari, na mtu mwenye cherehani anaweza kula wakati chuo kimefungwa. Na nikasema kila mwisho wa mwaka achukue nakala ya matokeo yake yenye muhuri, ailete nyumbani, hata kama hakuna aliyeiuliza.

Mama aliacha kuchambua maharagwe. "Kwa hivyo wewe unamtabiria mwenzako kuanguka?"

Mjomba akaongeza kwamba mimi nina uchungu wa mambo yangu. Nikanyamaza. Huwezi kushindana na mjomba siku ya Krismasi, na isitoshe mbuzi alikuwa ameletwa na yeye.

Jioni nilikaa na mama jikoni nikamwonyesha ile vidio. Dakika ishirini na mbili. Haelewi Kiingereza chote, kwa hivyo nilikuwa namtafsiria. Aliuliza maswali ambayo wafuasi wangu hawajawahi kuuliza. Huyo mzee anaishi na nani? Hiyo theluji ikiyeyuka maji yanaenda wapi? Mbona anasukuma kando sana, si apitishe tu njia ya trekta? Nikamwambia theluji ya kwanza lazima uisukume mbali, kwa sababu ile milima ya pembeni inaganda na haisogei tena mpaka majira ya kuchipua, na kila ikianguka nyingine njia inakuwa nyembamba. Usipoacha nafasi Novemba, Februari huna njia. Mama akasema, "Hiyo ni kama deni la duka."

Halafu kishindo kikatokea. Kang! Mama akashtuka akashika kifua. "Imevunjika?"

"Hapana, mama. Angalia."

Bamba likainuka, trekta ikaenda. Akasema nirudishe nyuma aone tena. Nikarudisha. Akaangalia mara nne, mwanga wa simu usoni, maharagwe yakiungua kwenye jiko. Hakusema nimeshinda, na mimi sikuuliza. Aliuliza tu, "Hizo springi huuzwa pesa ngapi?" Nikamwambia ni bei ndogo ukilinganisha na trekta.

Januari alinipigia simu. Amefungua akaunti ya kufunga kwenye simu yake, anaweka mia tano kila wiki, na mjomba hajui. Mdogo wangu anaenda kwa fundi wa cherehani Jumatatu hadi Ijumaa na tayari ameshona sare mbili za shule zikalipwa. Akaunti mama ameipa jina, kwa sababu simu ilimuuliza anawekea nini. Hakuandika karo. Ameandika JIWE.

Sasa wewe uliyefika hapa, kama uko chuo, ingia ofisini wiki hii uchukue matokeo yako yenye muhuri. Kama ni mzazi, hiyo theluthi iweke kando kabla ya kununua sanduku. Na kama wewe ni mmoja wa wale wenye kukaza bolti kule juu, masomo yangu 32 bado ninayo. Niko Umoja. Napatikana.